Tuliokaa Nyuma ya Kitambaa

Likizo hii ndefu mjukuu wangu Nyokabi ameanzisha mambo yake pale kwao Kahawa Sukari. Kila Jumamosi jioni anafunga shuka nyeupe kati ya mti wa kamba ya nguo na dirisha la jikoni, anaweka mashine ndogo juu ya stuli, na watoto wa ploti wanakuja kutazama sinema za kitambo, zile za mtu kuingiza mguu kwa ndoo na kutembea nayo mpaka kanisani. Jumamosi ya pili nilitoka jikoni na chai yangu, nikapitia nyuma ya ile shuka, nikasimama. Picha ilikuwa inapita mpaka huku. Nikavuta mtungi wa plastiki wa maji, nikaukalia.

"Cucu, viti viko mbele," Nyokabi akaniita. "Huko unaona kila kitu kimegeuka."

Nikamwambia ninajua, aniache tu. Chai ilinipolea mkononi, na mimi nilikuwa nimeshaenda mbali.

Nilisoma mpaka darasa la pili, kwa hivyo mambo ya utoto wangu sikuyaandika popote. Yamekaa kichwani pamoja na majina yake. Tulikuwa tunaishi kambi ya wafanyakazi wa shamba moja la kahawa huku Ruiru, chini karibu na mto. Baba yangu Njoroge alikuwa kibarua Thika, kiwanda cha ngozi, na tulimwona mwisho wa mwezi. Mama yangu Wangari alikuwa mchumaji. Mimi nilikuwa wa kwanza, halafu akafuata Njeri, ambaye alikuwa bado anajifunza kutembea. Na msimu huo wa kuchuma, Cucu, mama ya baba, alitoka kwake Gatundu akaja kukaa nasi, atuangalie Mama akiwa shambani.

Wewe wa rika langu unajua vile majina yanaenda kwetu. Msichana wa kwanza ni wa mama ya baba. Kwa hivyo niliitwa Wanjiru kama yeye, na kwa watu mimi sikuwa mjukuu tu, nilikuwa ni Cucu mwenyewe amerudi mdogo. Mama hakunigombeza ovyo, kwa sababu ingekuwa ni kama anamgombeza mama mkwe wake. Hata kunituma aliniomba, akiniita mama: "Maitu, hebu niletee kuni." Nilikula jina hilo vizuri sana, isipokuwa kwa jambo moja. Nilikuwa mtoto wa mkono wa kushoto.

Cucu aliliona siku aliyofika. Mama alinipa kibuyu cha uji nimpelekee, nikakinyoosha na ule mkono wangu. Cucu hakupokea. Alikaa tu akiutazama mkono, uji ukitoa mvuke katikati yetu.

"Nani amekufundisha kunitukana?" akaniuliza, na hakuwa na hasira, hiyo ndiyo ilinitisha.

"Amezaliwa hivyo, maitu," Mama akasema.

"Mimi ndiye Wanjiru. Mimi sikuzaliwa hivyo." Akakitoa kibuyu kwa mkono wangu wa kushoto, akakiweka kwa ule wa kulia, ndipo akakipokea. "Watu wakimwona watasema Wanjiru wa Gatundu amekuwa wa kushoto uzeeni. Nimekula na wa kulia mpaka meno yameniisha."

Kutoka siku hiyo, wakati wa chakula nilifungwa ule mkono. Alikuwa na kamba ya mgomba, ameilainisha kwa maji, anauzungushia mkono halafu kiunoni. Hakufunga kwa ubaya. Akimaliza aliingiza kidole chake ndani ya fundo kuona kama limenibana. Lakini githeri ilinimwagikia kila siku, na nilipouliza itafunguliwa lini, alimgeukia Mama badala yangu.

"Kahawa ikiisha na mkono huu haujasikia, naenda naye Gatundu. Nitakaa naye huko mpaka unyooke. Hata kama ni miaka."

Mama alikuwa anachagua maharagwe. Mikono yake ilisimama kidogo, halafu ikaendelea. Mke wa mtoto hambishii mama mkwe, na mtoto wa jina la Cucu, Cucu akimtaka anapewa. Basi nikajua kwamba kahawa ikiisha nitatolewa kwa mama yangu. Kila asubuhi niliamka nikiitazama mibuni, kama bado ina nyekundu.

Ni msimu huohuo gari la sinema lilianza kuja. Kahawa ilikuwa imeiva yote kwa mara moja, na mwenye shamba hakutaka wachumaji wake wahamie kwa jirani. Kila Jumamosi giza likianza, gari la kijani liliingia uwanja wa kiwanda cha shamba, pale kati ya meza za kuanikia kahawa. Kulikuwa na moshi wa jenereta, na kulikuwa na harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha kwenye mtaro. Mpaka leo nikisikia kitu kimechacha naona kama kuna kicheko karibu. Mwenye gari aliitwa Kimani, kijana wa Thika, mwenye kofia ya kuazima. Alitundika kitambaa kikubwa cha marekani kati ya nguzo mbili, halafu akakimwagia maji kwa debe, ati picha ing'ae. Maji hayo ndiyo yaliyofanya picha ipite mpaka upande wa pili.

Mbele kulikuwa na mabenchi. Huko walikaa karani, mafundi wa kiwanda, nyapara na watu wao. Wachumaji walifika mwisho. Mama zetu ilibidi wapime debe la mwisho, waoshe mikono ule weusi wa kahawa ambao hautoki, wapikie watoto, na wakifika mbele kumejaa. Nyuma ya kitambaa kulikuwa na nyasi safi. Hakuna mtu alituambia tukae huko. Tulikaa tu, Jumamosi moja, na iliyofuata tukarudi mahali petu.

Sinema zilikuwa za mtu mmoja mwenye masikio makubwa na koti linalofagia chini. Tulimwita Masikio. Kila Jumamosi alikuwa ameandikwa kazi mpya, na kabla sinema iishe alikuwa amefutwa. Alipaka nyumba rangi akapaka na madirisha. Aliandikwa kulinda duka akafungia mwenye duka ndani. Sisi watu wa kibarua tulijua kufutwa, lakini hatukuwa tumeona mtu anafutwa kila wiki na anarudi Jumamosi ijayo amechana nywele. Picha hazikuwa na sauti, na Kimani alitueleza kwa kipaza sauti, "Sasa Masikio amepewa trei ya mayai. Hebu tuone." Na Wambui, jirani yetu wa mlango wa pili, alikuwa akimjibu yule mama wa kwenye picha kama anamsikia: "Usimpe, dada. Nimekuambia usimpe. Haya, umeona?"

Jumamosi ya kwanza nilicheka mpaka nikapata kwikwi. Halafu Masikio akavua kofia kumsalimia tajiri wake, na mimi nikaacha kucheka.

Alikuwa amesalimia na mkono wa kushoto. Na tajiri akampa wa kushoto. Wakaketi kula, na kijiko kiko kushoto. Nikaanza kuwaangalia wengine. Askari alishika rungu na kushoto. Bibi arusi alipewa maua na kushoto. Mchungaji mwenyewe, na kola yake, aliwabariki watu na mkono wangu. Katikati ya picha kulikuwa kunatokea maandishi, na hayo nayo yalikuwa yamegeuka, lakini kati yetu sisi wa nyuma ni nani angejua?

Nilikaa kwenye zile nyasi nikielewa kitu kikubwa. Kumbe kuna nchi yetu. Kumbe mahali fulani, mbali kupita Nairobi, kuna watu wa kushoto wana nyumba na kanisa na magari, na huko kuna mtoto mmoja wa mkono wa kulia amefungwa kamba ya mgomba. Nilimhurumia sana mtoto huyo.

Nilimwambia Mama tukienda nyumbani. Jumatatu, Cucu alipoishika kamba, Mama aliweka sufuria chini.

"Maitu, ngoja kidogo. Wale watu wa sinema, wote wanakula na kushoto."

"Watu gani?"

"Wazungu wa kwa picha. Hata mchungaji."

Cucu alikuwa mtu wa kanisa, na sinema aliiona ni mambo ya kupoteza vijana. Lakini hapo kwa mchungaji alisimama. "Anabariki na kushoto?"

"Uliza Wambui."

Wambui aliitwa kutoka mlango wa pili, akaja na unga mikononi. "Ni kweli, Cucu," akasema. "Wote ni wa kushoto, kama wameambukizana. Hata mimi nilishangaa, nikasema labda ni baridi ya huko kwao."

Cucu aliikunja kamba polepole akaiweka juu ya rafu. Si kwamba aliitupa. "Nitakuja nijionee mwenyewe," akasema. "Sinema ya mwisho, kahawa ikiisha. Kama ni hivyo, ni hivyo. Kama si hivyo, kikapu changu kina nafasi ya nguo za mtoto."

Hizo wiki nilikula vizuri. Nilichuma na Mama, mkono wangu ukakimbia kwenye matawi, hata nyapara Mwangi akasema huyu mdogo ana mkono mwepesi. Nilikuwa mtoto wa furaha, mpaka Jumamosi moja Njeri akatambaa chini ya kitambaa, akatokea upande wa mbele, na Mama akanituma nimfuate.

Nilimshika mguu karibu na benchi ya karani. Nikainua macho. Masikio alikuwa anakula keki, na alikuwa anaila na mkono wa kulia.

Nikamwacha Njeri hapo. Nikapita chini ya kitambaa nikarudi nyuma: kushoto. Nikapita tena: kulia. Mara ya tatu watu wa mbele wakaanza kulalamika, "Nyapara, toa huyo kuku kwa sinema," na Kimani akasema kwa kipaza sauti kwamba Masikio amepata msaidizi. Watu wote wakacheka, mbele na nyuma. Mimi nilikuwa nimeshikilia pindo la kitambaa lenye maji, na ile nchi yangu ikawa imeisha. Hakukuwa na watu wa kushoto. Kulikuwa na watu wa kulia, na sisi tulikuwa tumekaa upande usiofaa.

Nilimwambia Mama kesho yake, tukifua mtoni, kwa sababu nyumbani Cucu alikuwa na masikio. Nilisema yote, nikalia. Mama aliendelea kusugua nguo.

"Nani mwingine ameona?"

"Njeri."

"Njeri hajui hata kusema maji." Akakamua shati la Baba, akalitandaza juu ya jiwe. "Mimi nilijua tangu ile siku ya kwanza. Nilienda kumsalimia mke wa karani, nikaona kutoka mbele."

"Kwa hivyo ulimdanganya Cucu."

"Sikumdanganya. Nilimwambia kile kinaonekana kutoka mahali nimekaa." Halafu akaniangalia, na uso wake haukuwa na mchezo. "Akija, atakaa na sisi nyuma. Nitamtandikia gunia. Wewe usilie mbele yake, na usiseme neno."

Hapo ndipo nilijua mama yangu anaogopa kama mimi. Nilikuwa nimefikiri ni mimi peke yangu naitazama mibuni kila asubuhi.

Kahawa ikaisha. Jumamosi ya mwisho Cucu alijifunga kichwani kitambaa chake cha kanisani, akachukua fimbo, na Mama akatangulia na gunia mbili, moja ya kukalia, moja ya kufunika miguu. Alitandika nyuma, katikati kabisa, akang'oa hata majani yenye miiba. Cucu alikuwa anainama kukaa nyapara Mwangi alipopita na taa.

"Huyu ni mama ya Njoroge?" akauliza. "Mama mzee hawezi kukaa huku na wachumaji. Njoo mbele, mama, nitakupa kiti cha karani."

"Amezoea nyasi," Mama akasema haraka. "Na ule moshi wa mbele ni mbaya kwa kifua."

Cucu alinyooka. "Nani amekuambia nimezoea nyasi?"

Na akaenda. Mwangi alimshika mkono kama bibi arusi. Mama alibaki amesimama na gunia mkononi, akaniashiria nifuate. Nikakaa chini karibu na magoti ya Cucu, na sinema hiyo sikuiangalia. Nilimwangalia yeye. Nuru ya kitambaa ilikuwa inacheza usoni mwake, na nikajua yanayotokea kutoka hapo.

Masikio alikuwa ameandikwa kuhudumu kwa harusi. Kimani alisema, "Sasa amepewa supu." Cucu akasogeza uso mbele. Nikaona macho yake yanafuata kitu, yanakifuata tena, halafu yakashuka polepole mpaka kwa mkono wangu wa kushoto uliokuwa juu ya goti. Yakarudi juu. Nikauficha mkono chini ya nguo. Alikuwa ameona.

Watu walianza kupiga kelele za kicheko, supu nafikiri ilikuwa imemfikia mama ya bibi arusi, na Cucu alikuwa amekaza mdomo. Kulikuwa na kishindo kingine, na kingine. Halafu nikahisi goti lake linatetemeka karibu na bega langu. Nikafikiri ni hasira. Tetemeko likapanda mpaka fimbo ikaanguka chini, na mtu wa benchi ya nyuma akaiokota, na Cucu hakuipokea kwa sababu alikuwa ameshika macho na pindo la kitambaa chake cha kanisani.

Tulirudi nyumbani kwa mstari. Cucu mbele, mimi katikati, Mama nyuma na Njeri mgongoni amelala. Wambui alikuwa anatusimulia sinema yote tuliyotoka kuiona, mpaka akaingia kwake.

Mama aliwasha moto akapasha uji. Cucu alikaa mahali pake, ile kamba ya mgomba juu ya rafu nyuma ya kichwa chake. Mama alijaza kibuyu, akanipa bila kuniangalia. Nikakichukua na mkono wa kulia. Nilikishika kwa vidole vyote nikaenda polepole sana, na hapo karibu na miguu ya Cucu kibuyu kikayumba, uji ukamwagika, kwanza chini, halafu kwa kiatu chake.

Nilisikia Mama akiweka mwiko chini.

"Wangari," Cucu akasema, "nyasi za nyuma ni nzuri sana, eeh?"

"Nisamehe, maitu."

"Nimeona vizuri kutoka kwa kiti. Ni mkono wa kulia." Akafuta kiatu na kidole, akalamba kidole. "Mkono huo wa kulia umemwagia mama ya watu supu. Umemchoma mpishi. Umeangusha keki kwa mchungaji, na mlango wa kanisa umeng'oka." Akaanza tena kutetemeka, na safari hii nilijua ni nini. Alicheka mpaka akanishika bega asianguke. "Mimi mwenyewe nimekula na huo miaka hii yote, na sijaona unafanya kazi vibaya hivyo. Peleka hicho kibuyu mbali na kiatu changu. Nipe na ule mwingine."

Sikuelewa. Mama ndiye alielewa. Nilimwona anageuka ukutani.

"Wanjiru," Cucu akaniita, na hakuwa akiniita jina hilo mara nyingi, kwa sababu lilikuwa lake. "Nina njaa. Nipe uji wangu na mkono wako."

Nikahamisha kibuyu. Kikatulia. Nikamnyooshea na mkono wa kushoto, na Cucu akapokea na mikono yake miwili, vile mtu anapokea kitu cha heshima, akanywa.

Jumatatu alienda Gatundu na kikapu chake, nguo zangu hazimo. Mama alimsindikiza mpaka barabarani akimbebea, na mimi nilibaki kwa mlango nimemshika Njeri, nikawaona wamesimama pale chini, mama mkwe na mke wa mtoto, wanaongea kwa muda mrefu, halafu wote wawili wameinama wanacheka. Mama akarudi peke yake, mikono mitupu.